Jemadari na Bendera: Lloyd Mathews baina ya Vuga na Unguja

Katika milima ya Usambara, juu ya njia ipandayo kutoka Mombo kuelekea Soni, upo mji uitwao Vuga. Msafiri aufikaye leo, akaona migomba, mashamba na nyumba zilizotawanyika juu ya matuta, huenda asidhani kwamba hapo ndipo zilipokuwa zikikatwa shauri za nchi nzima, tangu ukingo wa Upare hadi karibu na maji ya chumvi ya Tanga na Pangani. Vuga ilikuwa makao ya Wakilindi, na mfalme wao akiitwa Simba Mwene. Nguvu yake haikuhesabiwa kwa mikuki peke yake. Wasambaa waliamini kwamba yeye ndiye mwenye mvua: akiketi vizuri juu ya kiti chake, nchi hupona na vyakula hustawi; ikiwa enzi imegombaniwa na wawili, nchi huugua.

Katika mwaka 1885 bendera nyekundu ya Unguja ilipandishwa katika milima hiyo. Aliyetumwa kuipandisha hakuwa Mwarabu wala Mswahili. Alikuwa Mwingereza, jina lake Lloyd William Mathews, na kazi yake ilikuwa ujemadari wa jeshi la Sayyid Barghash bin Said. Miaka sita baadaye, mtu huyo huyo aliketi Unguja akiwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, waziri ambaye Sultani mwenyewe hakuwa na uwezo wa kumwondosha. Baina ya bendera ile ya milimani na kiti kile cha uwaziri imo habari nzima ya namna dola ya Unguja ilivyotoka mkononi mwa wenyewe.

Mathews alizaliwa mwezi Machi 1850 katika mji wa Funchal, kisiwa cha Madeira, akaingia katika jeshi la wanamaji la Uingereza angali mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alipigana katika vita vya Waashanti, Afrika ya Magharibi, mwaka 1873 na 1874. Mwaka 1875 akaletwa Unguja kutumika katika manowari iitwayo London, iliyotiwa nanga mbele ya mji ili mashua zake zikamate majahazi yaliyobeba watumwa. Biashara hiyo ya baharini ilikuwa imekwisha pigwa marufuku kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia sahihi mwaka 1873, chini ya vitisho vya kuzingirwa kisiwa chake. Hivyo ndivyo Mathews alivyoyajua maji ya Unguja na Pemba, akiwa kijana katika mashua, usiku na mchana, akikimbizana na matanga.

Mwaka 1877 Sayyid Barghash alitaka jeshi jipya. Mabulushi na Mahadhrami aliowarithi kwa baba yake na kaka yake walikuwa watu wa mishahara na vikundi, kila kundi na jemadari wake, na kila jemadari na maslahi yake. Kwa shauri la John Kirk, balozi wa Uingereza, Mathews aliazimwa kutoka manowarini ili afundishe askari kwa mtindo wa Kizungu. Alianza na Waafrika wapatao mia tatu, na katika miaka michache wakazidi elfu moja. Serikali ya Uingereza ikatoa bunduki. Watu wa mji wakazoea kuyasikia matarumbeta na kuyaona magwaride. Mwaka 1881 Mathews aliacha kabisa utumishi wa wanamaji wa Malkia, akawa mtu wa Sultani, na cheo chake kikawa cha jenerali.

Yafaa kulitazama kwa haki lile alilolikusudia Barghash. Alikuwa mfalme mwenye akili na aliyekwisha kuonja udhaifu wake: mkataba wa 1873 ulimfundisha kwamba mtu asiye na mkono wake mwenyewe hushikwa mkono na wengine. Jeshi la Mathews lilikuwa mkono huo. Mwaka 1880 kikosi chake kilipelekwa bara hata Mamboya, katika njia ya misafara, kuonyesha kwamba amri ya Unguja haiishii ufukweni. Mwezi Desemba 1881, mwenye jahazi Hindi bin Hattam alipomwua Kapteni Brownrigg wa manowari London karibu na Pemba, Mathews alimwandama hata Wete na kumkamata akiwa na majeraha yaliyomwua. Mwaka 1882 alikwenda kupigana na Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gasi aliyeasi mara nyingi, akamfukuza katika ngome yake ya Mwele. Katika miaka hiyo yote hapana aliyeweza kusema kwamba jemadari huyu hakumtumikia bwana wake.

Huko milimani nako mambo yalikuwa yamegeuka. Kimweri ye Nyumbai, aliyetembelewa Vuga na mmisionari Krapf mwaka 1848 na 1852, na kisha na Burton na Speke mwaka 1857 akiwa mzee aliyelala kitandani, alikuwa mfalme aliyesikilizwa mpaka pwani. Madiwani wa miji ya Mrima walitaka kuthibitishwa naye, na hapo hapo wakataka kuthibitishwa na Unguja. Hawakuona aibu kuwa na mabwana wawili, kwa kuwa mmoja alikuwa na milima na mwingine alikuwa na bahari. Tangu mwaka 1853 askari wa Sayyid Said walikuwa na boma lao huko Tongwe, juu ya bonde la Pangani, kwa mapatano na Kimweri. Kwa hiyo bendera ya Unguja haikuwa ngeni kabisa kwa Wasambaa. Ilikuwa bendera ya jirani aliyeko mlangoni, si ya mwenye nyumba.

Kimweri alipokufa mwaka 1862, kiti cha Vuga kikapewa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe Semboja hakuwa akikaa Vuga. Alikaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara, penye pembe, watumwa na bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimwondosha Shekulwavu katika Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, kuwa Simba Mwene. Wabondei nao wakaasi na kuwafukuza Wakilindi katika nchi yao. Vita vya jamaa moja vikawa vita vya miaka mingi. Tangu hapo Vuga ilikuwa na jina na mvua, na Mazinde ilikuwa na baruti. Mambo haya yameandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemed bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyekaa na Semboja na kumwandikia barua zake, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Na kwa hakika ni vitabu vichache vya lugha hii vilivyoueleza ufalme unavyooza kutoka ndani kwa ukamilifu kama huo.

Hali ndiyo hiyo siku Mathews alipopanda. Sababu ya safari yake ilitoka Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu juu ya karatasi, na mwezi Februari 1885 mfalme wa Wadachi akazipa karatasi zile ulinzi wake. Barghash alipopata habari mwezi Aprili, alipeleka malalamiko Berlin kwamba nchi hizo ni zake. Kisha akafanya jambo ambalo angalilifanya mapema lingekuwa na faida: alimtuma jemadari wake Usambara na Kilimanjaro, akapandishe bendera na kuchukua maandiko ya watawala wa huko kwamba wao ni raia wa Unguja.

Mathews alikwenda, na kazi aliyoagizwa akaitimiza. Bendera ilipandishwa Usambara. Mwisho wa Mei 1885 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, pamoja na watawala wengine wengi wa Uchagani, walikubali katika hati kwamba wao ni watu wa Sultani. Jemadari akarudi. Haukupita mwezi: tarehe 19 Juni Karl Jühlke, mwenziwe Peters, alifika kwa Rindi, naye akapata karatasi yake, ambayo ndani yake Mangi yule yule anaikubali himaya ya Wadachi.

Wengi wamemcheka Rindi kwa jambo hilo, na wengi wamewalaumu watawala wa bara kwa wepesi wao wa kukubali. Lakini fikira za watu wa milima hazikuwa za kijinga. Mtu aliyetiwa bendera na jirani mwenye askari alipokea bendera kama apokeavyo zawadi na urafiki. Akija mwingine mwenye zawadi nyingine, urafiki huongezwa. Na hapo Usambara palikuwa na swali zito kuliko hilo: nani hasa mwenye kuitoa nchi? Je, ni Semboja wa Mazinde, ambaye alikuwa na bunduki lakini hakuwa Simba Mwene? Ni mwanawe, aliyeketi Vuga kwa nguvu za baba? Ama ni jamaa za Shekulwavu, waliokuwa bado wakidai haki yao? Kwa kanuni za Vuga, ardhi ni uzima wa watu na mvua, na haitolewi na mtu kwa alama ya wino. Karatasi ya Unguja na karatasi ya Berlin zilikuwa na kosa moja: zote mbili zilimwuliza mwenye bunduki badala ya kuuliza kiti.

Tofauti ya karatasi hizo mbili ilikuwa katika kile kilichosimama nyuma yake. Nyuma ya karatasi ya Jühlke palikuwa na manowari. Tarehe 7 Agosti 1885 merikebu za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Barghash, mizinga ikiielekea. Nyuma ya karatasi ya Mathews palipaswa kuwa na Uingereza, lakini serikali ya London ilikuwa imekwisha mwagiza Kirk asiwapinge Wajerumani. Jemadari Mwingereza alipandisha bendera ambayo nchi yake mwenyewe ilikuwa tayari kuiona ikishushwa. Barghash alisalimu amri. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Katika mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu, na Usambara pamoja na Kilimanjaro zikawa upande wa Wajerumani. Hapana mtu wa Vuga aliyeulizwa.

Hapa ndipo penye mafundo ya habari yenyewe. Mwaka 1885 Mathews alikuwa bado mtumishi wa Barghash kwa kauli na kwa kitendo. Lakini safari hiyo ilidhihirisha kwamba jeshi lililofundishwa na Waingereza na kuongozwa na Mwingereza lina nguvu mahali Uingereza inaporidhia, na halina nguvu mahali isiporidhia. Mkono ulikuwa umekwisha tengenezwa. Mshipa wake ulikuwa unapiga kwingine.

Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Mwezi uliofuata ndugu yake Sayyid Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Mwezi Agosti mwakilishi wa kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, aliidhalilisha bendera ya Sultani na watu wa mji, na vita vya Abushiri bin Salim vikawaka. Mathews alipelekwa Pangani na askari kutuliza fitina kwa jina la Sultani. Mwanzoni watu walimpokea, kwa kuwa bendera ilikuwa yao. Muda si muda wakamshuku, kwa kuwa Sultani aliyemtuma ndiye aliyeiuza pwani. Maisha yake yakawa hatarini, akarejea Unguja. Huko juu Semboja naye alitumia nafasi: mzigo wa wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann ukanyang'anywa, na wenyewe wakashikwa na Abushiri, wasiachiwe ila kwa fidia. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Semboja alijisalimisha kwa Wajerumani. Aliye juu, mngoje chini. Na mtu wa Mazinde hakuwa mbali na chini.

Mwaka huo huo wa 1890 Unguja ikatiwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwezi Oktoba 1891 balozi Gerald Portal alipanga upya serikali ya Sayyid Ali bin Said: hazina ikatengwa na mfuko wa mfalme, idara zikapewa wakuu wa Kizungu, na juu yao wote akawekwa Mathews, Waziri wa Kwanza. Masharti ya kazi yake yalikuwa mapya katika kisiwa hicho. Sultani hakuweza kumwuzulu bila ya ridhaa ya balozi wa Uingereza.

Neno waziri limekaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, nalo limejaa katika tenzi na hadithi. Wataalamu wengi wa Kiarabu hulihusisha na neno lenye maana ya mzigo: waziri ni yule ambebeaye mfalme mzigo wake. Vuga nayo ilikuwa na mawaziri wake kwa maana hiyo. Wazee wa baraza la Simba Mwene, akiwemo mwenye cheo cha Mdoembazi, hawakuwa Wakilindi, na kwa hiyo hawakuweza kukitamani kiti. Walimweka mfalme, walimwonya mfalme, na walibaki watu wa nchi ile ile waliyoisemea. Kwa sura ya nje Mathews alifanana nao. Yeye pia hakuwa wa ukoo wa kifalme, hakutamani kiti, wala hakujikusanyia dola. Waliomjua walimsifu kwa uaminifu, na Waarabu wengi walimheshimu. Lakini waziri wa Vuga alipomwonya mfalme, nyuma yake palikuwa na Wasambaa. Waziri wa Unguja alipomwonya mfalme, nyuma yake palikuwa na balozi, na nyuma ya balozi palikuwa na manowari.

Kazi alizozifanya hazikuwa ndogo. Mwaka 1892 Unguja ilitangazwa kuwa bandari huru. Hesabu za serikali zikawekwa, barabara zikatengenezwa, kilimo kikapewa idara yake. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sayyid Hamoud bin Muhammed, ilitoka amri iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa, na Mathews ndiye aliyeisimamia. Kijana aliyekimbiza majahazi mwaka 1875 alikuwa sasa mzee wa serikali akilipa fidia kwa wenye watumwa. Amri ile ilikwenda polepole: mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje. Serikali iliogopa mashamba ya karafuu yasikose mikono. Anayetaka kumsifu Mathews atapata la kusema katika amri hiyo, na anayetaka kumlaumu naye hatakosa.

Lakini siku inayompima zaidi ni ya mwaka uliotangulia. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amejijengea walinzi wake mwenyewe, na mwezi Desemba 1895 walinzi hao walikwisha gombana na askari wa Mathews. Alipokufa ghafla tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ya idhini ya Waingereza. Huyu alikuwa mwana wa yule Barghash aliyeliunda jeshi. Kasrini alizungukwa na watu wapatao 2,800, na miongoni mwao walikuwamo askari wa serikali waliomwandama. Upande wa pili, askari wapatao 900 walibaki na Waingereza, chini ya Mathews na Arthur Raikes. Tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari zikafungua mizinga. Kwa muda wa dakika arobaini hivi kasri ikabomoka, merikebu Glasgow ya Sultani ikazama, na watu wapatao 500 wakauawa ama kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Sayyid Hamoud akatawazwa siku ile ile.

Mtu akiitazama siku hiyo huona jeshi la baba likisimama upande mmoja na mizinga iliyomwangusha mwana. Wala hapana haja ya kusema kwamba Mathews alivunja ahadi. Kwa fahamu yake alikuwa akiilinda serikali ya Unguja, na serikali, kwake, ilikuwa ni utaratibu uliowekwa mwaka 1891. Msiba wenyewe ulikuwa katika maana ya neno. Barghash alipokuwa akisema jeshi la Unguja, alimaanisha la mwenye kiti. Mathews alipolitamka neno lile lile, hatimaye alimaanisha la wale wenye kuamua nani akae juu ya kiti.

Sir Lloyd Mathews, kama alivyoitwa tangu Uingereza kumpa nishani mwaka 1894, alikufa Unguja kwa malaria tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa huko huko kwa heshima za kijeshi. Alikuwa amekaa visiwani miaka ishirini na sita, zaidi ya nusu ya umri wake. Jina lake lipo hata leo juu ya safu ya milima kaskazini mwa Kenya, lililowekwa na msafara wa Teleki mwaka 1888 kwa kumshukuru. Katika milima ya Usambara, alikokwenda kupandisha bendera, jina lake halikubaki.

Vuga nayo iliona mwisho wake. Kimweri Maguvu alikufa mwaka 1893, Semboja mwaka 1895. Mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja aliyeshika kiti, wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Tangu hapo Simba Mwene alikaa kwa idhini, kama Sultani wa Unguja alivyokuwa amekaa kwa idhini. Milima na visiwa, vilivyokuwa vikigawana madiwani wa Mrima katika siku za Kimweri, vilikuwa sasa vimefanana katika jambo moja: kiti kilibaki mahali pake, mwenye kiti alibaki na jina lake, na neno la mwisho lilitoka kwa mwingine.

Bendera nyekundu ya mwaka 1885 haikudumu juu ya milima, na wino wake haukumlinda mtu. Hata hivyo safari ile isisahauliwe. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Unguja kuinyooshea bara mkono wake, na ndani ya mkono huo, kwa wenye kuona, ilikwisha onekana amri ya mtu mwingine.